"OK" haikutoka vitani wala kwa Wagiriki: ni utani wa gazeti la Boston, 1839

#1 KalamuKavu

Wakuu, salama?

Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, bila shaka nawe umeshaupata kwa shemeji au kwa mwenyekiti wa kamati ya harusi. Unasema OK ilizaliwa kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani. Eti jioni kikosi kikirudi kambini bila kupoteza mtu, wanaandika ubaoni sifuri na herufi K, "0 killed", hakuna aliyeuawa. Wenzao wakiiona OK wanashusha pumzi.

Hadithi tamu, ila ni chai.

Vita ile ilianza 1861. OK ilishachapishwa gazetini miaka 22 kabla yake, na gazeti linajulikana, tarehe inajulikana, hadi ukurasa: Boston Morning Post, Jumamosi tarehe 23 Machi 1839, ukurasa wa 2. Kilichoizaa ni mzaha wa wahariri, tena mzaha mwepesi kabisa, na nadhani ndiyo maana watu hawataki kuukubali. Neno linalosemwa dunia nzima linatafutiwa ukoo wa heshima: vita, marais, Wagiriki wa kale.

Nitaleta kwa vipande maana nachapa kwa simu. Anayetaka kubisha aje na tarehe.

#2 SitiYaMbele

Nimekaa siti ya mbele, karanga mkononi. Shusha nondo mkuu.

#3 Mjukuu wa Hakimu

Mimi mwalimu wangu wa sekondari alitwambia kuna rais wa Marekani hakuwa anajua kuandika vizuri, akawa anasaini mafaili OK akidhani ndivyo "all correct" inavyoandikwa. Leo unatuletea gazeti. Tumwamini nani?

#4 KalamuKavu

Mwalimu wako alikuwa na nusu ya habari. Huyo rais tutamfikia, vuta subira.

Boston ya 1838 na 1839 ilipatwa na homa ya vifupisho, na walioianzisha ni wahariri wa magazeti. Siku hizo mhariri alikuwa anapokea magazeti ya miji mingine kwa posta, ananakili anachokipenda, anamrushia kijembe mhariri wa mji wa pili, na yule anajibu kesho kutwa. Kwenye kutaniana huko wakaanza kukata maneno na kuacha herufi za mwanzo tu, msomaji ajitafutie. Waliandika O.F.M., "our first men", yaani vigogo wa mji. R.T.B.S. ni "remains to be seen", tutaona. S.P. ni "small potatoes", viazi vidogo, kwa maana ya mtu au jambo lisilo na uzito. Ninayoipenda ni G.T., "gone to Texas". Huyo kakimbia madeni, msihangaike kumtafuta. Texas wakati huo ilikuwa jamhuri inayojitegemea, bado haijaingia Marekani, kwa hiyo ukivuka tu umepona.

Vifupisho vya kawaida vikawachosha. Wakaanza kufupisha maneno waliyoyaandika vibaya makusudi, kwa mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la pili. "All right" wakaifanya "oll wright", ikawa O.W. "No go", yaani haiwezekani, wakaifanya "know go", ikawa K.G. "No use" ikawa "know yuse", K.Y. Na "all correct", yote sahihi, ikawa "oll korrect".

O.K.

Hebu tazameni utani ulipo. Unatangaza kwamba kila kitu ni sahihi kwa kutumia herufi mbili, na zote mbili zimekosewa. Basi. Hakuna siri nyingine nyuma yake.

#5 Nyanya Chungu

Nacheka peke yangu kwenye daladala. Kumbe ni sisi wa enzi za "xaxa", "cjui" na "m2 wangu"! Walimu walitutukana wakasema tunaua lugha. Tungekaza leo Mwingereza angekuwa anasema "xaxa".

#6 KalamuKavu

Nyanya Chungu, sisi walau tulikuwa na kisingizio: ujumbe wa simu ulikuwa herufi 160, ukizidi unakatwa mara mbili. Hawa jamaa hawakuwa wanaokoa kitu. Mara nyingi mtu anaandika kifupisho, halafu hapohapo anaandika maana yake, kwa hiyo sentensi inarefuka badala ya kufupika. Ilikuwa starehe tupu.

Hivyo ndivyo alivyofanya Charles Gordon Greene, mhariri wa Boston Morning Post. Mjini kulikuwa na kikundi kinajiita Anti-Bell-Ringing Society, Chama cha Kupinga Upigaji Kengele, A.B.R.S. kwa kifupi (homa haikuwaacha). Kilikuwa chama cha mzaha, kilichozuka baada ya wakubwa wa mji kupitisha amri ya kukataza kengele za kuitia watu chakula. Machi 1839 wanachama wakafunga safari kwenda New York. Gazeti la mji wa Providence, kusini mwa Boston, likaandika kana kwamba msafara ungepita kwao.

Greene akamjibu mwenzake wa Providence. Kwa maneno yangu: umefyatua risasi mapema, bwana. Sisi hatukusema watapita kwenu. Tulisema ndugu zetu wanakwenda New York kwa meli ya Richmond, na kweli wamekwenda. Ila mwenyekiti wa kamati ya kengele akiamua kurudi kwa njia ya Providence, huenda bwana mhariri na kundi lake wakawa tayari na kisanduku cha michango na makorokoro mengine, "o.k.—all correct", na vizibo vikaruka juu kama cheche.

Hiyo ndiyo OK ya kwanza inayojulikana kwenye maandishi. Herufi ndogo, katikati ya sentensi ndefu ya majibizano, karibu na vizibo vya chupa. Greene hakuipa kichwa cha habari. Angeambiwa kwamba kati ya yote aliyoandika maishani ni herufi hizo mbili zitakazokumbukwa, nadhani angeagiza chupa nyingine.

#7 Bishoo wa Kariakoo

Sawa, tumekubali ni utani. Lakini utani wa kengele za Boston umefikaje hadi kwa mama ntilie wa hapa mtaani? O.W. na K.G. zilikuwa na kasoro gani zikafa?

#8 KalamuKavu

Swali zuri kuliko uzi wangu. Jibu fupi: siasa.

1840 ulikuwa mwaka wa uchaguzi Marekani. Rais aliyekuwa madarakani, Martin Van Buren wa chama cha Democratic, alikuwa anatetea kiti. Huyu ni mtoto wa kijiji cha Kinderhook, jimbo la New York, kwenye ukoo wa Kiholanzi. Nyumbani kwao walisema Kiholanzi, na hadi leo ndiye rais pekee wa Marekani ambaye Kiingereza hakikuwa lugha yake ya kwanza. Wapambe wakamtungia jina la utani, "Old Kinderhook", Mzee wa Kinderhook. Herufi za mwanzo? O.K.

Vijana wake wa New York wakaunda O.K. Club. Sasa hesabu faida: mgombea wenu ni O.K., na mtaani O.K. inamaanisha kila kitu ni sahihi. Kampeni ya bure. Mwishoni mwa Machi 1840, mwaka mmoja tu tangu kijembe cha Greene, wanaharakati wa klabu hiyo walivamia mkutano wa wapinzani wao wa chama cha Whig pale New York huku wakipiga kelele "O.K.!" Habari ikaandikwa, miji mingine ikanakili kama kawaida yao, na nchi nzima ikawa inauliza maana yake.

Whig nao hawakulala. Uchumi ulikuwa umeanguka tangu 1837, mabenki yamefunga, na lawama zote ziko kwa Van Buren. Wakaigeuza: O.K. ni "Out of Kash", hana hela. "Out of Kredit", hakopesheki. "Out of Klothes", hata nguo hana. Na "Orful Kalamity", balaa kubwa. Kila upande ulikuwa unalichafua neno la mwenzake, na kumbe wote wawili walikuwa wanalitangaza.

Van Buren alipigwa vibaya sana, kura 60 za wajumbe dhidi ya 234 za William Henry Harrison. (Harrison mwenyewe aliapishwa Machi 1841 akafariki baada ya mwezi mmoja.) Mzee wa Kinderhook akarudi kijijini, jina lake la utani likabaki mjini. O.W. haikupata mgombea.

#9 SitiYaMbele

"O.W. haikupata mgombea." Umetisha.

#10 Mjukuu wa Hakimu

Kwa hiyo rais asiyejua kuandika ni huyu Van Buren? Mbona mwalimu alimtaja Jackson?

#11 KalamuKavu

Ni Andrew Jackson, aliyemtangulia Van Buren na ndiye aliyemwandalia kiti. Jenerali, mtu wa vita, hakuwa msomi. Kwenye kampeni hiyohiyo ya 1840 gazeti moja la New York lilichapisha kisa kwamba Jackson alipokuwa rais alikuwa anaandika O.K. kwenye karatasi alizoziridhia, kwa kuwa alidhani ndivyo "all correct" inavyoandikwa. Lengo lilikuwa kumchafua Van Buren kupitia godfather wake: tazameni wajinga waliowatawala.

Kisa kilikuwa cha kubuni, lakini kiliishi. Baadaye, 1859, mwanahistoria wa Tennessee akatangaza ameona O.K. kwenye kumbukumbu za mahakama za 1790, shauri lililomhusu Jackson huyohuyo. Watu wakashangilia. Ilipokuja kutazamwa vizuri, mwandiko wa karani ulikuwa unasema O.R., "Ordered Recorded", imeamriwa iandikwe. R ya karani ilikuwa na mkia mrefu kidogo, historia ikataka kubadilika.

Hapo ndipo mwalimu wako alipoishia.

#12 MwanaBara

Mleta mada, una ushahidi mwingi wa magazeti ya wazungu. Na nani alikuwa anaandika magazeti hayo? Wazungu. Waafrika waliopelekwa kule kama watumwa hawakuruhusiwa hata kusoma. Kwa Kiwolofu "waw" ni ndiyo, na "waw kay" ni ndiyo ya kukazia. Kuna msomi kabisa alilisema hili. Mbona hulitaji? Kila kitu chetu kikiwa kizuri kinakuwa cha Boston.

#13 KalamuKavu

MwanaBara, nilikuwa nakuja huko, na hoja yako nzito kuliko ya sifuri ya vitani.

Msomi unayemsema ni David Dalby, Mwingereza mtaalamu wa lugha za Afrika. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 alisema OK huenda imetoka kwenye lugha za Afrika Magharibi, Kiwolofu na za jamii ya Kimande. Na kuna andiko linalompa nguvu: mwaka 1784 msafiri wa Kiingereza alinukuu maneno ya mtumwa mweusi wa Karolina Kaskazini yanayoanza na "Kay, massa". Kwa hiyo "kay" ilikuwepo midomoni mwa Waafrika kule nusu karne kabla ya Greene. Hilo silikatai, na ulichosema kuhusu nani alikuwa na kalamu ni kweli tupu.

Tatizo ni njia. Toka "kay" ya 1784 hadi "o.k." ya 1839 hakuna daraja linaloonekana. Na "o.k." ya 1839 haikuja kama sauti ya mtu aliyeisikia mahali akajaribu kuiandika. Ilikuja na nukta zake, ndani ya kundi la ndugu zake O.W., K.G. na K.Y., na mwandishi akaifasiri papo hapo. Ukimpata mtoto kwao, kalala na ndugu zake, na mama yupo mlangoni, kumpeleka kijiji kingine unahitaji ushahidi mkubwa.

Lakini kama unatafuta maneno ya Kiafrika ndani ya Kiingereza, usihangaike na OK, yapo ambayo hayana ubishi mkubwa. "Goober", wanavyoita karanga kusini mwa Marekani, ni "nguba" ya Kikongo na Kimbundu. "Gumbo", ule mchuzi wa Louisiana, ni jina la bamia kwa lugha za Kibantu za Angola. "Okra" yenyewe wanaihusisha na Kiigbo. "Zombie" ni wa ukoo wa "nzambi" na "zumbi" za Kongo. "Chimpanzee" imetoka hukohuko, Kongo na Angola. Ukiwaacha Waigbo, hawa ni Wabantu wenzetu, MwanaBara, damu moja na Kiswahili.

#14 BwanaKatanga

Bakubwa jambo. Mimi niko Lubumbashi. Hapa kwa Kiswahili chetu tunasema karanga, lakini ukienda Kinshasa, kwa Kilingala, ni nguba mpaka leo. Unanunua nguba barabarani. Sikujua kama Mumarekani naye anaila kwa jina hilo.

#15 Wa Kisauni

Hapo kwa Kibantu umenikuna. Sasa sisi watu wa pwani tumeambiwa tangu utotoni kwamba "jumbo", ile "jumbo jet", ni "jambo" yetu. Wengine husema ni "jumbe". Hii nayo ni chai?

#16 KalamuKavu

Wa Kisauni, nitaiweka kwa adabu maana najua Mombasa mnaipenda.

Jumbo alikuwa ndovu. Alikamatwa akiwa mdogo upande wa Sudan na mpaka wa Uhabeshi, akapelekwa Paris, kisha 1865 akafikishwa bustani ya wanyama ya London. Hapo ndipo alipata umaarufu, watoto wakimpanda mgongoni. 1882 wakamuuza kwa bwana wa sarakasi wa Kimarekani P. T. Barnum kwa pauni 2,000, Waingereza wakalia machozi ya kweli. 1885 akagongwa na treni huko Ontario, Kanada, akafa. Yeye ndiye aliyefanya jumbo liwe na maana ya kitu kikubwa kupita kiasi.

Ila neno lilikuwepo kwenye Kiingereza tangu miaka ya 1820, kwa maana ya mtu mkubwa mzito asiye mwepesi wa miguu. Miaka hiyo hakuna mtu wa London aliyekuwa anasalimiwa "jambo". Wengi wanalihusisha na "mumbo jumbo", msemo wa kale zaidi uliotoka kwenye safari za Afrika Magharibi. Kwa hiyo Afrika imo, lakini si Kisauni.

#17 Mkonge Mkavu

Marehemu babu alikuwa mnyapara kwa Mgiriki wa mkonge huko Tanga. Alikuwa akituambia OK ni ya Wagiriki, "ola kala", na mwenye shamba alikuwa anajisifia nayo. Babu hakuwa mtu wa kusema uongo.

#18 KalamuKavu

Babu alisema kweli alichoambiwa. "Ola kala" ni Kigiriki safi, "yote mema", na herufi zinalingana. Ndiyo ugonjwa wa neno fupi: silabi mbili utazipata kila lugha. Waskoti wana "och aye". Wafini wana "oikein", sahihi. Wajerumani wana "ohne Korrektur", bila masahihisho. Wafaransa wanataja bandari ya Aux Cayes, Haiti, ilikotoka pombe nzuri ya miwa. Kuna wanaomtaja karani wa reli Obadiah Kelly aliyekuwa anasaini mizigo, na wengine biskuti za askari za Orrin Kendall. Wote hao muulize swali moja: andiko la kabla ya Machi 1839 liko wapi?

Iliyofika mbali zaidi ni ya Wachoctaw, wenyeji wa kusini mashariki mwa Marekani. Wana "oke" au "hoke", ndivyo ilivyo. Rais Woodrow Wilson aliiamini hadi akawa anaidhinisha karatasi za Ikulu kwa "okeh". Watu wakimuuliza kwa nini haandiki O.K., alikuwa anajibu kwamba O.K. ni makosa. Yaani rais msomi, aliyewahi kuongoza Chuo Kikuu cha Princeton, anasahihisha utani ambao raha yake yote ilikuwa kukosewa!

#19 Nyanya Chungu

Wakati Jackson asiyesoma anasingiziwa. Dunia haina haki.

Swali: nani alikwenda kufukua haya magazeti ya 1839? Maana hata Google haikuwepo.

#20 KalamuKavu

Huyo mzee anastahili uzi wake. Allen Walker Read, mzaliwa wa Minnesota 1906, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. 1941 alichapisha makala inayoonyesha O.K. Club na uchaguzi wa 1840, watu wakadhani kesi imefungwa. Yeye hakuridhika. Akaendelea kupekua magazeti ya zamani, na mwaka 1963 na 1964 akatoa mfululizo wa makala kwenye jarida la American Speech: akaiweka wazi 23 Machi 1839, akaonyesha homa yote ya vifupisho kifupisho baada ya kifupisho, kisha akazipitia hadithi za Jackson na Wachoctaw na nyinginezo moja moja akazivunja.

Fikirieni kazi yenyewe. Hakuna kutafuta kwa kuchapa neno. Ni karatasi zilizogeuka rangi, herufi za kuumiza macho, na unachotafuta ni herufi mbili zenye nukta. Unaweza kusoma gazeti la mwaka mzima usiambulie kitu.

Na hakuwa mtu wa kuchagua maneno ya heshima. 1928 alizunguka magharibi mwa Marekani na Kanada akinakili maandishi ya kwenye kuta za vyoo vya umma. Yote, pamoja na matusi, kwa kuwa ni lugha ya watu. Marekani isingechapishika, akaenda kuchapisha kitabu Paris 1935 kwa gharama zake, nakala 75 tu. Mtu wa namna hiyo ndiye pekee angeweza kukubali bila aibu kwamba neno kubwa kuliko yote ya Kimarekani ni kichekesho. Alifariki 2002, akiwa na miaka 96.

#21 Fundi Redio

Mleta mada umeruka kitu. Uchaguzi wa 1840 uliisha, kelele zikaisha. Neno la kampeni hufa na kampeni. Kilichoibeba ni telegrafu, ile simu ya maandishi ya kwenye waya. Mimi nimefanya kazi na wazee wa reli, najua.

#22 KalamuKavu

Fundi, upo sahihi, karibu sana. Samuel Morse alituma ujumbe wake maarufu toka Washington hadi Baltimore Mei 1844, miaka minne baada ya uchaguzi ule. Waya zikaenea pamoja na reli. Opereta anahitaji neno la kumwambia mwenzake "nimepata, sawasawa", liwe fupi, lisifanane na lingine. OK ilikuwa palepale inamsubiri. Ikawa sheria ya kazi kwamba ujumbe hauhesabiki umefika mpaka upande wa pili ujibu OK. Treni nazo zilikuwa zinaruhusiwa kwa waya, kwa hiyo utani wa Greene ukajikuta unazuia magari moshi yasigongane.

Naamini hapo ndipo ulipobadilika tabia. Kwa wahariri ilikuwa kuchekesha. Kwa opereta wa stesheni hakuna anayecheka, anataka kujua kama ujumbe umefika. Ikaanza kuvaliwa kazini, nukta zikaanguka, na kizazi kilichofuata kikaipokea bila kujua kama iliwahi kuwa mzaha. Ndipo mwanya wa kina "0 killed" ukapatikana.

#23 Bishoo wa Kariakoo

Leo imefupishwa tena. Mwenzangu nikimwandikia ukurasa mzima nimeumia, anajibu "k". Herufi moja, tena ndogo. Hapo nalala sebuleni.

#24 Nyanya Chungu

Bishoo, "k" si jibu, ni hati ya mashtaka. "Okay" kamili una nafasi ya kuomba radhi. "Okaaay" yenye mkia, unatakiwa ueleze ulikuwa wapi jana.

#25 Mjukuu wa Hakimu

Nina swali dogo la mwisho. Kwenye kompyuta kila kitu unabonyeza OK. Nani aliamua? Kwa nini si "Ndiyo" tu?

#26 KalamuKavu

Kisa chake kinafanana na ukoo wake. Apple walipokuwa wanatengeneza kompyuta ya Lisa, iliyotoka 1983, kitufe cha kukubali kiliandikwa "Do It", fanya. Wakawaita watu wa kawaida waijaribu huku wenyewe wanawaangalia. Wakaona wengine wanasita, wanabonyeza kitufe cha kughairi bila sababu. Mmoja alipoulizwa akaonyesha amekasirika: kwa nini kompyuta inaniita "dolt"? Nafasi kati ya maneno ilikuwa ndogo, na I kubwa kwenye ile skrini ilifanana na l ndogo, kwa hiyo "Do It" ikasomeka "Dolt", neno la Kiingereza lenye maana ya zuzu. Wakaitupa wakaweka OK. Toka hapo ikaingia Macintosh, na sasa unaibonyeza hata kwenye mashine ya kutolea pesa.

#27 Wa Kisauni

Na ile O.K. Corral ya filamu za kikauboi? Hiyo ni ya Van Buren pia?

#28 KalamuKavu

Lilikuwa zizi la farasi mjini Tombstone, Arizona, na kufikia wakati huo OK ilikuwa imeshaenea kiasi kwamba mtu anaweza kuiita biashara yake hivyo ili mteja ajue mambo ni safi. Ila ukifika huko usiende kupiga picha zizini ukidhani umesimama penyewe. Risasi za tarehe 26 Oktoba 1881, zile za kwenye filamu, zilipigwa kwenye kiwanja kitupu pembeni ya studio ya mpiga picha, upande wa mtaa wa Fremont, zikadumu kama nusu dakika. Jina la zizi ndilo lililokuwa rahisi kukumbuka.